Kura ya Mama wa Jezi

Waliniita mkutanoni kwa sababu ya deni.
Miezi saba ya sabuni timu hainilipi,
basi Prezida Mutsuva akaona haya, akanipa kiti:
mjumbe wa komite, kiti cha plastiki,
mguu mmoja umefungwa waya.

Ajenda ilikuwa moja.
Lubumbashi watuachie Kapongo, golikipa,
yule aliyedaka penalti tatu siku moja
mpaka watoto wa Birere wakaandika jina lake kwa makaa ukutani.
Nasi tuwape wanne: Bauma, Ndoole, Mumbere wa kushoto,
na yule wa Ndosho tunayemwita Kafupi
ingawa mwaka huu amenipita kichwa.

"Wanne kwa mmoja," akasema mweka hazina,
"lakini huyo mmoja anajaza uwanja."
Akapiga hesabu kwenye simu, akaigeuza tuone:
tiketi, maji ya mifuko, mahindi ya kuchoma,
namba ndefu kama foleni ya bidoni bomba likikauka.

Sikubishana na namba. Kuhesabu najua.
Nahesabu jezi kumi na nane kila Jumatatu,
naziteremsha ziwani ndani ya beseni,
naanika juu ya mawe meusi tuliyotapikiwa na mlima,
na jiwe lile lina meno:
ukivuta kwa haraka, linabaki na uzi.
Ninyi mnawaona dakika tisini.
Mimi nawaona Jumatatu.

Najua Bauma hulia tukifungwa.
Mkono wa kulia wa jezi, karibu na kifundo, una kamasi.
Najua Mumbere ameacha kuanguka ovyo;
mwaka jana kaptula yake ilikuwa vumbi ubavu mzima,
sasa vumbi liko nyuma tu, mahali anapokaa kupumzika.
Ndoole alisahau franka mia tano ndani ya soksi.
Nikaikausha, nikamrudishia.
Tangu siku hiyo ananibebea beseni mpaka barabarani,
wala hasemi neno.
Na Kafupi, nimemshushia pindo mara tatu.
Mara tatu, mwaka mmoja!
Kitambaa kimekwisha, mtoto bado.

Kapongo naye nimemfulia, mara moja,
walipokuja kwa mechi ya kirafiki.
Jezi safi. Ajuaye mpira utatua wapi hachafuki.
Simdharau. Niliinusa:
marashi, na chini ya marashi, dawa ya misuli,
ile ya bei, ya kupaka asubuhi na jioni.
Nikasema moyoni, huyu ni fundi,
na fundi huyu ana miaka ambayo karatasi zake hazina.

Mweka hazina akatuletea methali,
ndege wa mkononi na wale kumi wa mtini.
Nikamwambia, baba, huyo wa mkononi amezeeka mabawa,
na hao wengine hawako mtini,
wako kwenye beseni langu.

Wakacheka. Kisha wakapiga kura,
nne huku, nne huku,
wakageuka kutazama kiti chenye waya.
Niliinua mkono wenye nyufa za sabuni.
Haukutetemeka. Kiti ndicho kilichotetemeka.

Jumapili tukafungwa manne kwa sifuri.
Golini alisimama binamu wa Ndoole,
glavu za kuazima, macho juani.
Kutoka uwanjani hadi Majengo walinifuata wakipiga kelele:
Mama Sabuni, dada wa hasara, nenda ukadake wewe!
Mwenye chukudu mmoja alishuka makusudi
ili anitukane akiwa amesimama.
Na deni? Miezi minane sasa.

Jumatatu mkono wa Bauma ulikuwa umelowa mpaka kiwiko.
Nikafua. Nikaanika.
Halafu nikakata jezi kuukuu, ya kijani, haifanani,
nikaiunga chini ya kaptula ya Kafupi, vidole viwili,
na kwa ndani nikakunja vidole viwili vingine,
vya mwezi wa tatu.